Swali la Tisa

Binti yangu mkubwa anaitwa Bi Pole na mtaa mzima, na mimi niliyemzaa sikushirikishwa. Jina alipewa na fundi cherehani ambaye kibanda chake kinapakana na dirisha la chumba chetu cha nyuma. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, fundi huyo akiwa ameinamia sare zake za shule, humsikia mwanangu akisema, "Pole sana, msikilizaji. Pole kwa usumbufu. Pole, naelewa unavyojisikia." Siku moja alinisimamisha njiani akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, huyo binti yako amewakosea nini watu wote hao?"

Nikamwambia hajamkosea mtu, ni kazi. Analipwa kuomba radhi kwa makosa ya watu asiowajua, kwa watu asiowajua, kuhusu vitu ambavyo hajawahi kuvigusa. Fundi alifikiri kidogo, akasema kazi hiyo yeye huifanya bure kila shule zinapofunguliwa.

Ukweli ni kwamba kipaji alizaliwa nacho. Alipokuwa na miaka minne aligonga kabati kwa kichwa, akaliomba radhi kabati. Shuleni alikuwa akipigwa na wenzake anawauliza kama mikono yao haijaumia. Alipomaliza akasomea mapokezi, akapata kazi kwenye hoteli iliyokuwa na wapokezi wengi kuliko wageni, nayo ikafungwa. Baadaye akapata kwenye zahanati ya mtu binafsi. Huko walimwachisha kwa sababu alikuwa akiwaomba radhi wagonjwa kwa mambo ambayo mwenye zahanati alipendelea yasijulikane kwamba yametokea. Akakaa nyumbani mwaka na miezi miwili, akifua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Mimi nikawa silali vizuri, ila hilo si jipya.

Ndipo akapata kampuni hii ya spika. Si spika kama za kwenu na zetu. Hizi ni ndefu kama mtu mzima, zinang'aa mpaka unaweza kujipaka wanja mbele yake, na jozi moja ina thamani ya nyumba iliyokwisha kuezekwa. Kiwanda kiko ng'ambo. Ofisi ya huduma kwa wateja iko katikati ya jiji, kwenye jengo la vioo, lakini wahudumu wanafanyia kazi makwao, kwa sababu kampuni imegundua kwamba mtu akifanyia kazi kwake, umeme ni wake, kiti ni chake, na chai ni ya mama yake.

Walimtumia kompyuta, hedifoni na kitabu. Kompyuta haikuwa na neno. Hedifoni ilikufa sikio la kulia mwezi wa pili na la kushoto mwezi wa tatu. Kampuni inayojitangaza kuwa na sauti safi kuliko zote duniani ilikuwa imempa mfanyakazi wake hedifoni za aina ile inayouzwa kwenye beseni njia panda. Mwanangu akapiga simu kutoa taarifa. Akapokewa na mwenzake, kwa maneno yale yale anayoyatumia yeye: pole kwa usumbufu, tiketi yako imefunguliwa, tunathamini subira yako. Akapewa namba ya tiketi, akaibandika ukutani juu ya meza. Basi ikawa anapokea simu kwa sauti ya kompyuta, mlango umefungwa. Lakini ukuta kati ya chumba hicho na jiko langu ni wa mbao nyembamba, kwa hiyo na mimi nikawa nimeajiriwa.

Kitabu nilikisoma chote. Ni kifupi, na nilikuwa na wasiwasi. Kiliitwa Kitabu cha Adabu. Kilisema spika isiitwe spika, iitwe chombo. Mteja asiitwe mteja, aitwe msikilizaji. Chombo hakiharibiki, kinaweza tu kuwa hakijafunguka. Msikilizaji akilalamika kwamba sauti ni mbaya, aelezwe kwamba chombo cha hadhi hii kinahitaji kupigwa saa mia nne ndipo kifunguke. Akirudi baada ya saa mia nne, aelezwe kuhusu nyaya, kwamba zisilale sakafuni, ziwekwe juu ya vijiko vya kauri ambavyo kampuni inaviuza. Akirudi tena, aelezwe kuhusu mapazia.

Sura ya nne ndiyo ilikuwa moyo wa kitabu chenyewe: Maswali Kumi na Mawili Yasiyoulizwa. La kwanza: je, umewasha? La pili: je, umechomeka plagi? La tatu: je, umeondoa nailoni? Na kadhalika, hadi kumi na mbili. Sababu waliieleza vizuri. Mtu aliyenunua chombo cha namna hiyo ni mtu wa daraja lake, na kumuuliza kama amechomeka plagi ni kumshusha. Mhudumu atakayeuliza lolote kati ya hayo, alama zake za mwezi zinakuwa sifuri. Simu zote zinarekodiwa. Nilimuuliza mwanangu, "Sasa kama kweli hajachomeka?"

"Basi anaambiwa hakijafunguka, mama."

"Saa mia nne?"

"Saa mia nne."

Nikarudi jikoni. Mimi si mtu wa kuingilia kazi za watu.

Alikuwa kwenye miezi sita ya majaribio. Akipita, anathibitishwa, na akithibitishwa anapewa kadi ya matibabu inayoingiza na wazazi. Hapo ndipo roho yangu ilipokuwa imening'inia. Baba yake aliendesha malori miaka ishirini na saba, mpaka mtoto wa jicho alipoingia macho yote mawili. Daktari alisema ni upasuaji mdogo tu, kama mtu anavyosema ni mlima mdogo tu. Sisi tulikuwa tunausubiri ule mlima uje wenyewe. Mzee mwenyewe alishikilia kwamba anaona vizuri. Wiki ile ile alilisalimia koti langu lililotundikwa nyuma ya mlango, na liliponyamaza akaliuliza kama limenuna.

Majaribio yalikuwa yanaisha siku ya Ijumaa. Alama za mwanangu zilikuwa nzuri, isipokuwa faili moja, la Jaji.

Jaji huyo alikuwa jaji mstaafu, mwenye sauti nzito isiyo na haraka, na alipiga simu kila siku saa nne kamili kama mtu anayefungua kikao. Kwa muda wa wiki saba alikuwa akisema jambo moja: vyombo vyake vimepoteza sauti. Vilipoletwa, kimoja kilikuwa kizuri na kimoja kidhaifu kidogo. Siku chache baadaye vyote viwili vikawa vibovu. Aliambiwa apige saa mia nne. Akapiga, usiku na mchana, mpaka mke wake akahamia kwa dada yake. Akaambiwa kuhusu nyaya, akanunua vijiko vya kauri kumi na sita. Akaambiwa atoe mapazia. Baada ya kuyatoa akaambiwa ayarudishe, lakini yawe mazito zaidi. Mwishowe kiwanda kilimwandikia barua kutoka ng'ambo, imesainiwa na mtu anayeitwa Mkuu wa Usikivu, ikimkumbusha kwa heshima zote kwamba masikio ya msikilizaji nayo hubadilika kadiri miaka inavyokwenda. Swali la masikio ni la saba kwenye yale yasiyoulizwa. Inaonekana kwa simu ni matusi, kwa barua ni sayansi.

Jaji alimsomea mwanangu barua ile kwa simu, neno kwa neno. Kisha akasema, "Binti, mimi nimesikiliza watu wakinidanganya kwa miaka thelathini na moja. Masikio yangu hayana tatizo."

"Pole sana, mheshimiwa msikilizaji."

"Najua una pole. Nina pole zako za wiki saba hapa. Sikiliza mwenyewe."

Akaweka simu karibu na spika akapiga wimbo. Mwanamke alikuwa anaimba taratibu, na nyuma yake kinanda na ngoma. Nilikuwa nachambua mchele. Mkono ukasimama wenyewe. Nimelea watoto wanne, na kila mmoja amekuwa na mafua yake. Najua sauti ya mtu mwenye homa, najua ya mtu aliyetoka kulia, na najua ya mtu ambaye pua zake zimeziba. Yule mwanamke alikuwa anaimba na pua zimeziba.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Wakati wa chakula cha mchana mwanangu alikuja mezani akiwa amenyong'onyea. Baba yake, ambaye kesi ya Jaji alikuwa akiifuatilia kuliko mchezo wa redioni, aliuliza kabla hajaketi.

"Jaji kasema nini leo?"

"Anazirudisha, baba. Ijumaa asubuhi lori linakuja kuzichukua."

"Lori la tani ngapi?"

"Baba, mimi nitajuaje tani?"

"Nauliza tu. Mtu asije akaleta tani kumi kwa spika mbili."

"Baba watoto," nikasema, "mwache mtoto ale."

Hakula. Akatueleza kwamba kwa utaratibu wa kampuni, chombo kikirudishwa, faili humwangukia mhudumu wa mwisho kulishika. Haijalishi nani alianza. Na mhudumu wa majaribio aliyeangukiwa na faili hathibitishwi. Aliyaeleza hayo kama mtu anayesoma ratiba ya mabasi, halafu akamwomba baba yake radhi kwa ajili ya macho.

"Macho yangu yana nini?" akauliza baba yake, huku akimimina chai pembeni mwa kikombe.

Nikafuta meza. Nikamwambia mwanangu, "Lisome hilo faili. Tangu mwanzo."

"La nini, mama?"

"Lisome tu. Baba yako anapenda."

Akaleta kompyuta, akasoma. Lalamiko la kwanza la Jaji halikuhusu sauti hata kidogo. Siku ya tatu baada ya kuletewa mzigo, aliandika kwamba nyuma ya chombo cha kushoto kuna pambo la mahameli nyeusi lenye nembo ya dhahabu, lakini cha kulia hakina. Nyuma ya kile cha kulia kulikuwa na tundu tupu. Aliona si haki. Lalamiko hilo lilishughulikiwa na Msimamizi mwenyewe, yule anayewapa wahudumu alama zao, kabla hajapandishwa cheo, wakati huo akiwa mhudumu kama wengine. Hakumuuliza mteja swali lolote, kama kitabu kinavyotaka. Ndani ya siku mbili tu alimtumia Jaji pambo jipya, ndani ya kisanduku chenye utepe, pamoja na barua ya kuomba radhi. Jaji alilichomeka kwenye tundu la kulia na kujibu kwa shukrani. Alama kumi kwa kumi. Kwa kazi hiyo Msimamizi alipewa cheti cha mhudumu bora wa robo mwaka, na muda mfupi baadaye, usimamizi.

"Lalamiko la pili lilikuja lini?" nikauliza.

Mwanangu akatazama. "Siku moja baada ya pambo kufika."

Baba yake akaweka kikombe chini, karibu na ukingo, nikakisogeza.

"Hilo tundu la nyuma linapitisha nini?" akauliza.

"Hewa, baba. Nilifundishwa. Spika ikipiga, hewa inatoka kwa nyuma, ndiyo inayotoa sauti nzito."

"Kumbe ni ekzosi," akasema baba yake. "Na nyinyi mmemtumia mtu tambara la kuziba ekzosi, lina dhahabu."

Mwanangu akafungua kwenye kompyuta picha za vyombo zilizopigwa ghalani kabla ya kusafirishwa, akazikuza, akaziangalia kwa muda mrefu. Kisha akaeleza kwa sauti ndogo. Yale hayakuwa mapambo. Vilikuwa vizibo vya safari, vinavyowekwa kiwandani ili vumbi lisiingie njiani. Mafundi waliokwenda kwa Jaji, wale wanaovaa glavu nyeupe, walitoa kimoja wakasahau kingine. Na kwa kuwa kampuni hii haiwezi kutengeneza hata kizibo bila kukivisha mahameli na kukipiga nembo, hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angedhani ni kitu cha kutupa. Jaji aliona kizuri kimoja, akadai cha pili. Msimamizi akampa.

"Basi mwambie akitoe," nikasema.

"Siwezi, mama."

"Kwa nini?"

"Kumwelekeza msikilizaji aguse chombo hairuhusiwi. Na kumuuliza kama kuna kitu kimeziba..." Akafunga kompyuta. "Swali la tisa."

Baba yake akasema, "Kama asipouliza, hapiti. Akiuliza, hapiti."

"Ndiyo hivyo, baba."

"Mimi niliwahi kuwa na bosi wa namna hiyo. Alitaka tufike haraka lakini tusiendeshe."

Alhamisi Jaji hakupiga. Saa nne ilifika ikapita, na chumba cha nyuma kilikuwa kimya mpaka fundi cherehani akaja kuuliza kama kuna mgonjwa. Mimi nilifagia ule upande mara tatu. Kusema kweli sikujua naomba nini. Nilitaka aulize, kwa sababu mtu wa watu anabeba spika zake kuzirudisha kwa ajili ya matambara mawili. Na nilitaka asiulize, kwa sababu huenda kampuni ingepoteza faili, kompyuta zikazima, Ijumaa ikapita, akathibitishwa kwa bahati. Zahanati ilimfukuza kwa kusema ukweli, na mimi wakati ule ndiye niliyemwambia kwamba amefanya vizuri. Safari hii sikumwambia kitu. Nilimpelekea chai nikatoka.

Ijumaa saa nne kamili simu ikaita. Nilifunga bomba.

"Binti," alisema Jaji, "lori limefika. Wako nje. Nimeona si ungwana kuondoka bila kuaga."

"Asante, mheshimiwa msikilizaji. Pole sana kwa usumbufu. Naelewa kuvunjika moyo kwako, na kwa niaba ya familia nzima ya..."

Akanyamaza. Hapo kitabu kinaendelea, "familia nzima ya wapenda sauti." Nakijua. Nikaegemea ukuta.

"Endelea," akasema Jaji.

"Mheshimiwa, nina swali ambalo siruhusiwi kuliuliza."

"Mahakamani tulikuwa tunasema liulizwe kwanza, tutalikataa baadaye."

"Je, kuna kitu kimeziba matundu ya nyuma?"

Kwa mbali nikasikia injini ya lori. Nilijiwazia lilikuwa la tani tatu.

"Nyuma kuna mapambo," akasema Jaji.

"Naomba uyavute, mheshimiwa. Yote mawili. Ni vizibo vya safari."

Nikasikia simu ikiwekwa mezani, kisha ndara zikiburuzwa sakafuni, kisha mtu mzima akiguna kama anayeng'oa muhogo. Ndara zikarudi. Halafu wimbo ukaanza, ule ule wa mwanamke, na mimi nikajua kabla hajamaliza mstari wa kwanza. Alikuwa amepenga. Ngoma ilikuja mpaka kwenye ile kompyuta ndogo, ikatembea mezani, ikaja kwenye mbao za ukuta wangu. Fundi cherehani akasimamisha mashine.

Jaji aliuacha wimbo wote mpaka mwisho. Hakuna aliyeomba radhi kwa dakika nne nzima, jambo ambalo katika nyumba yetu halikuwahi kutokea siku ya kazi.

Kisha akarudi kwenye simu. "Binti."

"Naam, mheshimiwa."

"Hili la kulia lilitoka wapi?"

"Tulikutumia sisi."

"Kwenye kisanduku cha utepe."

"Ndiyo."

"Na mimi ndiye niliyeliomba."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Kwa maandishi."

"Kwa maandishi."

Alivuta pumzi ndefu. "Mke wangu yuko kwa dada yake wiki ya nne," akasema. "Atataka kujua ilikuwa nini." "Nitaandika barua kwa wakubwa zako. Leo hii." Akakata.

Mwanangu akatoka akasimama mlangoni mwa jiko. Nilikuwa nimeshika ufagio kana kwamba kulikuwa na kitu cha kufagia.

"Umesikia, mama?"

"Nisikie nini? Mimi niko na vyombo."

"Anaandika barua."

"Barua ya namna gani?"

"Hakusema." Akaketi kwenye kigoda. "Pole, mama."

Hapo nilitamani nimpige kidogo, kwa mapenzi. Nikamwekea chai.

Kikao cha kuthibitishwa kilikuwa saa nane, kwa kompyuta. Baba yake alisogeza kiti chake mpaka kwenye ukuta wa mbao akasema anafuata kivuli. Kivuli hakikuwepo. Kwenye ule mlango kuna ufa, na kupitia kwenye ufa nilimwona Msimamizi kwenye kioo cha kompyuta: kijana msafi, tai nyembamba, na nyuma yake ukutani kile cheti kwenye fremu. Alikuwa anatabasamu.

"Nimepokea barua kutoka kwa mheshimiwa Jaji," akasema. "Mizigo imebaki. Lori limeondoka tupu. Naomba nikusomee."

Akasoma. Jaji aliandika Kiswahili kizuri sana. Alisema vyombo vyake vilifunguka asubuhi ya leo, katika saa ya mia nne na kumi na mbili, ghafla, kama ua. Alisema anakiri kwamba alikosa subira. Alisema subira hiyo aliipata kutoka kwa binti mmoja mtulivu wa huduma kwa wateja, ambaye hakuchoka naye. Kuhusu vizibo hakuandika hata nukta. Miaka thelathini na moja ya kuwasikiliza waongo haikuwa imepotea bure.

Baba yake alininong'oneza, "Huyo mzee anamwogopa mkewe."

"Nyamaza."

"Kiwanda kimefurahi mno," akaendelea Msimamizi. "Ni mara ya kwanza msikilizaji kutoa ushahidi wa maandishi kwamba chombo kimefunguka chenyewe. Sasa, ni utaratibu tu, kabla ya kukuthibitisha lazima tusikilize simu ya mwisho ya faili. Wote wawili."

Niliona mabega ya mwanangu yakishuka. Msimamizi alivaa hedifoni zake. Zake zilikuwa za kampuni kweli, kubwa, za ngozi. Akabonyeza. Kompyuta ikatoa sauti ya Jaji, kisha ya mwanangu: pole sana kwa usumbufu, naelewa kuvunjika moyo kwako. Msimamizi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mheshimiwa, nina swali ambalo siruhusiwi kuliuliza. Tabasamu likapungua. Je, kuna kitu kimeziba matundu ya nyuma? Tabasamu likaisha kabisa, na kalamu ikashikwa. Nikashika mkono wa mume wangu.

Rekodi iliendelea. Ndara, wimbo. Msimamizi aliusikiliza wote na kalamu yake juu ya karatasi. Halafu ikaja sauti ya Jaji ikiuliza hili la kulia lilitoka wapi. Tulikutumia sisi. Kwenye kisanduku cha utepe.

Msimamizi alizima. Hakuangalia nyuma kwenye cheti, lakini shingo yake ilianza safari hiyo, ikakatizwa njiani.

Akavua hedifoni. Akazitazama ndani, moja baada ya nyingine, kama mtu anayetafuta mdudu.

"Hapa katikati pana mikwaruzo mingi," akasema. "Mimi sikusikia vizuri. Wewe ulisikia?"

Mwanangu hajawahi kunidanganya mimi, wala baba yake, wala kabati. Nikawaza juu ya zahanati. Nikawaza juu ya koti lililonuna.

"Pole," akasema. "Sikusikia."

"Ni mtandao," akasema Msimamizi.

"Ni mtandao."

Basi watu wawili wa kampuni yenye sauti safi kuliko zote duniani wakakubaliana kwamba hawakusikia kitu, na mwanangu akathibitishwa. Aliambiwa hongera. Aliambiwa ataandaa mafunzo kwa wahudumu wapya kuhusu subira. Mwezi uliofuata kilikuja Kitabu cha Adabu toleo jipya. Saa mia nne zimefutwa, sasa ni mia nne na kumi na mbili, kwa kuwa zimethibitishwa na msikilizaji mwenye elimu ya sheria. Swali la tisa bado liko pale pale. Ila mwanangu ameniambia kwamba siku hizi mteja akilalamika kukosa pambo, faili hilo linapelekwa kwa Msimamizi peke yake, na halirudi. Namba ya tiketi ya hedifoni bado iko ukutani.

Kadi ya hospitali ilifika. Jicho la kushoto la baba yake lilifunguliwa kwanza, nalo halikuhitaji hata saa moja. Siku alipotolewa bandeji tulikuwa wote watatu sebuleni. Alianza na redio yake, ile aliyoifunga kwa mpira na kuipiga kofi kila inapokwama. Akaigeuzageuza kwa masikitiko. Akatazama dari na madoa ya mvua yote, na mapazia yaliyofuliwa mpaka yakawa wavu. Akanitazama mimi kwa muda ambao haukunipendeza.

"Hivi nyumba imechakaa kiasi hiki," akasema, "na hakuna aliyeniambia?"

Mimi nikamgeukia mwanangu, maana kwa hapa nyumbani ndiye mwenye cheo hicho.

"Pole sana, baba," akasema. "Haijafunguka."